Hisani kama Dai la Uenyeji: Maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee na Bustani Yake Nairobi

1.0 Utangulizi

Katikati ya jiji la Nairobi ipo bustani ya umma yenye ukubwa wa takribani ekari tano, inayojulikana kwa jina la Jeevanjee. Wakazi wengi wa jiji hilo hulijua jina hilo kama jina la mahali; ni wachache wanaolijua kama jina la mtu. Mtu huyo, Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936), alizaliwa Karachi, akaanzisha biashara Mombasa mwaka 1890, na katika muda wa miaka kumi na mitano akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Alikuwa mkandarasi, mmiliki wa meli, mwanzilishi wa gazeti, na mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1906 aliitoa bustani hiyo kwa watu wa mji.

Insha hii inachunguza maana ya zawadi hiyo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: je, mhamiaji anapoutolea mali mji ambao sheria na taratibu zake zinamtenga, anatoa nini, na anadai nini? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hisani ya Jeevanjee ilikuwa dai la uenyeji. Kwa kutoa, alitaka ahesabiwe miongoni mwa waliokuwa na haki ya kuuita mji huo wao. Hata hivyo, dai hilo lilikuwa na mipaka, kwa kuwa halikuwahusisha Waafrika waliokuwa na haki ya kwanza juu ya ardhi ile, wala vibarua ambao jasho lao lilichangia utajiri wake. Inadaiwa pia kwamba thamani ya zawadi haikukomea katika nia ya mtoaji. Maisha ya bustani yenyewe, hasa mapambano ya mwaka 1991, yaliipa zawadi ile maana pana kuliko ile ya mwaka 1906.

Uandishi wa historia kuhusu Waasia wa Afrika Mashariki umegusa suala hili kwa namna mbalimbali. J. S. Mangat, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliiweka biashara yao katika historia ndefu ya mahusiano ya Bahari ya Hindi na kuonyesha nafasi yao katika uchumi na siasa za kikoloni. Robert Gregory, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1992, alionyesha ukubwa wa hisani yao na namna ilivyofifia baadaye. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alichapisha mwaka 1997 wasifu unaomweka babu yake ndani ya historia ya upinzani dhidi ya ukoloni. Pamoja na manufaa ya kazi hizi, bado lipo pengo baina ya mtazamo unaomtukuza mfadhili kwa alichotoa na ule unaomshutumu kwa namna alivyokipata. Insha hii inapendekeza kwamba mambo hayo mawili yasomwe pamoja.

2.0 Sadaka, Hiba na Wakfu: Msamiati wa Uchambuzi

Lugha ya Kiswahili, kutokana na historia ndefu ya Uislamu katika pwani, ina msamiati unaotofautisha aina za utoaji. Sadaka hutolewa kwa kutaraji radhi za Mwenyezi Mungu, na aghalabu mtoaji hupendelea isijulikane. Hiba ni zawadi inayohamisha umiliki: aliyepewa huwa mwenye mali na anaweza kuitumia, kuiuza au kuigawa apendavyo. Wakfu ni tofauti na zote mbili. Mali ya wakfu hufungwa. Haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi tena. Kinachotoka ni manufaa yake tu, na anayeisimamia ni mtunzaji, si mmiliki. Kuwapo kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar kunaonyesha kwamba dhana hii ni hai katika utawala wa mali, wala haikubaki vitabuni.

Insha hii haidai kwamba bustani ya Jeevanjee ilikuwa wakfu kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Istilahi hizi zinatumika kama nyenzo za uchambuzi kwa sababu zinauweka wazi mgogoro ambao neno moja la jumla, kama vile msaada au mchango, lingeuficha. Iwapo bustani ilikuwa hiba kwa mamlaka ya mji, basi mamlaka hiyo ingeweza kudai uhuru wa kuitumia kwa jambo jingine. Iwapo ilikaribia wakfu kwa umma, basi mamlaka ilikuwa mtunzaji tu. Tofauti hii, ambayo huenda mwaka 1906 ilionekana ndogo, ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mvutano miaka themanini na mitano baadaye.

3.0 Chimbuko la Utajiri

Jeevanjee alizaliwa katika jumuiya ya Mabohora wa Daudi, Waislamu wa madhehebu ya Shia ambao wengi wao walijulikana kwa biashara. Elimu yake ya shuleni ilikuwa ndogo. Mwaka 1886 alikwenda Adelaide, Australia, akafanya biashara huko kabla ya kuelekeza macho yake Mombasa. Ni muhimu kutomchanganya na ukoo wa Karimjee Jivanjee wa Zanzibar, ambao pia ni Mabohora lakini asili yao ni Kutch, na ambao jina lao linakumbukwa Dar es Salaam kupitia Ukumbi wa Karimjee. Kufanana kwa majina kumewapotosha baadhi ya waandishi.

Wakati Jeevanjee anafika, Mombasa ilikuwa chini ya usimamizi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilihitaji vibarua na mafundi, naye akaanza kuipatia kutoka India. Serikali ya Uingereza ilipotangaza himaya mwaka 1895 na ujenzi wa Reli ya Uganda ulipoanza, fursa iliongezeka mara nyingi. Kampuni yake ilipata kandarasi za kuleta wafanyakazi, kuwapatia chakula, kuchimba na kusawazisha njia, kuvunja miamba na kujenga majengo ya serikali. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901, ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 900.

Gharama ya kibinadamu ya mradi huo haiwezi kuachwa nje ya wasifu wa mtu aliyetajirika kupitia mradi huo. Kwa hesabu zinazotumiwa mara nyingi na wanahistoria, Wahindi 31,983 waliajiriwa kwa mkataba katika ujenzi wa reli. Kati yao 2,493 walikufa na 6,454 walirudishwa kwao kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya mikataba yao kwisha walikuwa 6,724. Si wote hao walioletwa na Jeevanjee, kwa kuwa serikali ilikuwa na mawakala wake India. Hata hivyo, kampuni yake ilikuwa sehemu ya mfumo huo, na faida yake ilitegemea kuwapo kwa watu waliofanya kazi kwa mkataba katika mazingira ya hatari. Wafanyakazi wa Kiafrika nao walikuwamo, ingawa takwimu zao hazipewi uzito huo huo katika maandiko. Kwa hiyo, mtafiti anayeanza hadithi ya hisani mwaka 1906 huwa ameianzia katikati.

Kuanzia reli, biashara ya Jeevanjee ilitawanyika. Alikuwa na meli zilizosafiri baina ya India na Afrika Mashariki. Alinunua viwanja na kujenga majengo Mombasa na Nairobi, yakiwamo yaliyotumiwa na serikali yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijenga Nairobi soko lililojulikana kwa jina lake. Mwaka 1902 alianzisha Mombasa gazeti la African Standard na kumwajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza, likaitwa East African Standard, na baadaye likawa sauti kuu ya walowezi. Kwa maneno mengine, chombo alichokianzisha mwenyewe kilikuja kutumika kutetea ubaguzi alioupinga.

4.0 Bustani ya Mwaka 1906 na Mipaka ya Uenyeji

Ili kuielewa zawadi ya bustani, ni lazima kuutazama mji ilimotolewa. Nairobi ilianza kama kambi ya reli katika eneo ambalo Wamaasai walilitumia kwa malisho na maji, na jina la mji lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yanayoashiria maji ya baridi. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Katika kipindi hicho hicho, maeneo ya Kiambu yaliyokaliwa na Wakikuyu yaliingia mikononi mwa walowezi. Ndani ya mji, Wahindi walisongamana katika mtaa wa maduka. Tauni ilipozuka mwaka 1902, mtaa huo uliteketezwa kwa amri ya maofisa. Tangu hapo lugha ya usafi na afya ilitumiwa mara kwa mara kuhalalisha utengano wa rangi katika makazi.

Nje ya mji, hali ilikuwa wazi zaidi. Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alikubali katika mwaka 1906 na kuthibitisha mwaka 1908 kwamba ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi. Jambo hili halikuwekwa kama katazo la kisheria, bali kama utaratibu wa utawala. Matokeo yake yalikuwa yale yale: mtu angeweza kusaidia kujenga reli, ofisi za serikali na soko la mji, lakini asipewe shamba kando ya reli hiyo hiyo. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jeevanjee na wenzake walikwisha kupewa jembe. Walichonyimwa ni shamba.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwaka 1906 Jeevanjee alitoa bustani kwa watu wa Nairobi na kusimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mwanawe malkia huyo, Mwanamfalme wa Connaught. Uchaguzi wa sanamu hiyo unahitaji kutafsiriwa kwa makini. Msomaji wa leo anaweza kuiona kama ishara ya utii tu. Lakini kwa Wahindi wengi wa kizazi cha Jeevanjee, jina la Victoria lilihusishwa na Tangazo la mwaka 1858, ambalo liliahidi raia wa Kihindi wa malkia kwamba wangetendewa bila kubaguliwa kwa rangi au dini. Wanasiasa wa India walilitaja tangazo hilo mara kwa mara kama hati ya haki. Kwa mtazamo huo, kuweka sanamu ya malkia katikati ya mji uliokuwa ukiwatenga raia wake wa Kihindi kulikuwa njia ya heshima ya kuwakumbusha watawala deni lao. Zawadi ilisema kwamba mtoaji ni raia, si mpita njia, na kwamba aliyetoa uwanja wa wote hastahili kuambiwa kwamba mji si wake.

Uteuzi wa umbo la zawadi nao una maana. Hisani nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi wa wakati huo zilielekezwa katika misikiti, mahekalu, shule na nyumba za wageni za jumuiya zao. Zipo zilizovuka mipaka hiyo, kama vile hospitali ya Sewa Haji Paroo ya Dar es Salaam ya mwishoni mwa karne ya 19. Bustani ya Jeevanjee ni ya kundi hili la pili. Bustani haina mlango wa madhehebu wala daftari la wanachama. Katika mji uliokuwa ukigawanywa kwa rangi, kutoa uwanja usio na mgawanyo kulikuwa tamko, hata kama mtoaji hakulitamka.

Pamoja na hayo, mipaka ya dai hilo haifai kufichwa. Umma uliofikiriwa mwaka 1906 ulikuwa wa raia wa dola ya Uingereza kama Wahindi walivyouelewa uraia huo. Ardhi iliyotolewa ilikuwa imekwisha kugeuzwa kuwa mali ya kununuliwa baada ya wenyeji wake wa awali kusukumwa pembeni. Mwafrika hakuwa mtoaji wala hakuwa mpokeaji aliyetajwa. Dai la uenyeji la mhamiaji lilijengwa juu ya uenyeji ulionyamazishwa.

5.0 Kutoka Hisani hadi Siasa

Miaka iliyofuata inathibitisha kwamba hisani na siasa za Jeevanjee zilikuwa na chimbuko moja. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1907. Alikuwa Mhindi pekee, na muda wake ulipokwisha, kiti hicho hakikujazwa na Mhindi mwingine kwa miaka kadhaa. Mwaka 1910, akiwa London, aliliambia gazeti moja kwamba ingefaa Himaya ya Afrika Mashariki iunganishwe na Dola ya India. Mwaka 1912 alichapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Aidha, alikuwa miongoni mwa viongozi ambao juhudi zao zilizaa Kongamano la Kitaifa la Wahindi wa Afrika Mashariki, lililofanya mkutano wake wa kwanza Mombasa mwezi Machi 1914.

Pendekezo la mwaka 1910 ndilo jaribio gumu zaidi kwa wanaomtazama Jeevanjee kama mpinzani wa ukoloni. Alipinga ubaguzi, lakini kwa kupendekeza nchi ya Waafrika iwe tawi la dola nyingine. Alidai usawa wa Wahindi na Wazungu bila kuuliza wenye nchi walitaka nini. Si sahihi kulificha pendekezo hilo ili kulinda sifa yake, wala si sahihi kulitumia kufuta kila alichofanya. Linaonyesha upeo wa fikra za kiongozi aliyeamini kwamba haki hupatikana ndani ya dola, na kwamba mchango wa kiuchumi ndio msingi wa haki hiyo. Hoja ya mchango ina udhaifu wake wa asili: anayesema nina haki kwa kuwa nimejenga, huacha bila jibu haki ya yule aliyekuwapo kabla ya ujenzi.

Udhaifu huo ulijitokeza mwaka 1923. Ujumbe wa Wahindi wa Kenya, Jeevanjee akiwamo, ulikwenda London kudai usawa wa kura na ardhi. Tamko la Devonshire la mwaka huo lilitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza. Lilikataa utengano wa kisheria wa makazi mijini, lakini lilizihifadhi nyanda za juu kwa Wazungu na kuwapa wapiga kura wa Kizungu viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5 na Waarabu 1. Serikali ilitumia jina la Mwafrika kuwanyamazisha Wahindi, wakati huo huo ikiliacha shamba la Mwafrika mikononi mwa mlowezi. Viongozi wa Kihindi waliojenga dai lao juu ya mchango wao pekee walikuwa na jibu dhaifu kwa hila hiyo. Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imekwisha kutoweka.

6.0 Maisha ya Zawadi baada ya Mtoaji

Mali ya Jeevanjee ilitawanyika, na gazeti lake lilikuwa limekwenda kwa wengine tangu mapema. Kilichobaki na jina lake hadharani ni kile alichokitoa. Lakini kubaki huko hakukuwa kwa bahati. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga maegesho ya magari na majengo ya biashara katika bustani hiyo. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Wangari Maathai kupinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, katika kipindi ambacho viwanja vya umma nchini Kenya vilikuwa vikiingia mikononi mwa watu binafsi. Zarina Patel aliongoza kampeni ya kuitetea bustani, Maathai akaunga mkono, na wakazi wa jiji wakajitokeza. Mpango ulisimamishwa.

Kwa msamiati uliowekwa katika sehemu ya pili, mgogoro huo ulikuwa juu ya aina ya zawadi. Mpango wa ujenzi ulikuwa na maana tu iwapo bustani ingehesabiwa kama hiba ambayo mamlaka ya jiji imekwisha kuimiliki. Watetezi walisimama juu ya hoja iliyo karibu na wakfu: kilichotolewa kwa watu hakiuzwi na wasimamizi wao. Ushindi wao haukutegemea haki ya warithi wa Jeevanjee. Mjukuu hakudai arudishiwe mali ya babu. Alidai ibaki kwa umma. Na umma uliojitokeza mwaka 1991 haukuwa ule wa mwaka 1906. Walikuwa raia wa Kenya huru, wengi wao wazao wa watu ambao Nairobi ya kikoloni iliwahesabu kuwa vibarua wa kupita.

Tangu miaka ya 1990 bustani hiyo imekuwa pia mahali pa mijadala ya wazi ya Bunge la Mwananchi, ambamo watu wasio na vyeo hujadili bei ya chakula, ardhi, uchaguzi na katiba, mara nyingi kwa Kiswahili. Hapa mtafiti anapaswa kuzingatia jambo la mbinu. Wasifu wa mwaka 1997 uliandikwa na mtu aliyekuwa mjukuu wa mhusika na pia mshiriki wa mapambano ya bustani. Hilo halipunguzi thamani ya kazi yake, lakini linataka isomwe mara mbili: kama chanzo kuhusu Jeevanjee, na kama ushahidi wa namna Wakenya wa miaka ya 1990 walivyomhitaji Jeevanjee ili kutetea mali ya umma.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba hisani ya Jeevanjee haieleweki ikitenganishwa na kandarasi zilizoitangulia na madai ya kisiasa yaliyoifuata. Bustani ya mwaka 1906 ilikuwa dai la mhamiaji la kuhesabiwa kuwa mwenyeji, lililotolewa kwa lugha ya dola ambayo ilikwisha kumnyima ardhi. Dai hilo lilikuwa la haki dhidi ya ubaguzi wa walowezi, na lilikuwa na kasoro kwa kutowaona wenye nchi na wafanyakazi wa reli.

Kutokana na matokeo hayo, yanapendekezwa mambo mawili kwa watafiti wa hisani za wahamiaji Afrika Mashariki. Kwanza, uchunguzi uanzie kwenye chimbuko la mali, wala usianzie siku ya kuitoa. Pili, nia ya mtoaji itenganishwe na maisha ya kilichotolewa. Jeevanjee hakutoa uwanja wake ili Wakenya wapate mahali pa kuihoji serikali yao, lakini umbo alilolichagua, uwanja wazi usio wa jumuiya moja, liliruhusu hilo litokee. Waliojitokeza mwaka 1991 ndio walioigeuza hiba ya mkandarasi kuwa wakfu wa raia. Hivyo, historia ya bustani hiyo inawahusu wao kama inavyomhusu yeye.